Mnaisingizia Chapati Bure

Wahamasishaji wamekuwa wengi kuliko wa kuhamasishwa. Wapo redioni kabla ya taarifa ya habari ya asubuhi, wapo kwenye status za simu, wapo ukumbini Jumamosi kwa kiingilio, na siku hizi hata kitchen party haiishi bila mmoja wao kushika kipaza sauti. Maneno yanatofautiana kidogo, ujumbe ni uleule: hali yako ngumu umeitengeneza mwenyewe. Unalala sana, unakula ovyo, unanunua vitu kwa kupima, huna akiba, huna maono.

Sina ugomvi na mtu kujiendeleza. Ugomvi wangu ni hesabu zao. Ukizipiga kwa shilingi, kwenye chumba na sebule cha kupanga Mbagala, Tandika au Buza, hapa Dar es Salaam, nyingi hazisimami, na karibu zote zinaangukia mahali pamoja. Mshauri anamfikiria mtu ambaye mshahara unaingia kwa mkupuo, halafu yeye anaumaliza kidogo kidogo kwa uzembe. Nyumba nyingi za mjini ziko kinyume: fedha inaingia kwa kijiko, inadaiwa kwa ndoo. Kodi ya miezi sita, ada ya shule, mtungi wa gesi, gunia la mchele, vyote vinataka mkupuo kutoka kwa mtu anayelipwa kwa siku. Kwa hiyo nayachukua madai yao moja moja, nikianza na lile linaloshangiliwa zaidi.

"Acha chai ya kijiweni, baada ya miaka mitano utakuwa na kiwanja."

Hesabu yao inakwenda hivi. Chai na chapati mbili, shilingi 1,500. Siku 26 za kazi, 39,000 kwa mwezi. Kwa mwaka 468,000. Kwa miaka mitano 2,340,000. Ukumbi unapiga makofi, maana kwa fedha hiyo kuna mahali nje kabisa ya mji unaanza mazungumzo na dalali wa viwanja.

Kosa la kwanza linaua hesabu yote: mtu aliyeacha chai ya kijiweni hajaacha kula. Atakunywa nyumbani, na nyumbani kuna sukari, majani, unga wa ngano, mafuta na mkaa. Tuseme kifungua kinywa hichohicho akikipika mwenyewe kinamgharimu 900. Anachookoa ni 600 kwa siku, yaani 15,600 kwa mwezi na 936,000 kwa miaka mitano. Muda wote huo mwenye kiwanja hajakaa anamsubiri kwa bei ya mwaka wa kwanza. Na kwa anayeishi peke yake hata hizo 600 ni za kubahatisha. Mama ntilie ananunua unga kwa mfuko wa kilo 25 na mafuta kwa dumu la lita 20, anakoleza jiko moja kwa watu arobaini. Bachela anakoleza jiko kama hilo kwa kikombe kimoja.

Kosa la pili ni kutojua kijiwe ni nini. Kwenye benchi lile ndipo fundi rangi anaposikia kuna nyumba Kinyerezi imeshapigwa plasta, na ndipo saidia fundi anapoitwa kuziba nafasi ya mwenzake aliyeugua. Ofisini watu wanatumiana barua pepe. Hawa wana kijiwe. Ukimtoa mtu pale kwa ajili ya 600, hakikisha siku hiyo haikuwa na kibarua cha 20,000 kilichompita.

Nakubali kwamba yapo matumizi ya kila siku yanayokwenda bila faida wala raha. Bando la siku moja lililonunuliwa mara tatu kati ya asubuhi na usiku, kwa mfano. Hilo lipunguze. Chapati iache.

"Waliofanikiwa wote huamka saa kumi na moja alfajiri."

Robin Sharma wa Kanada aliliandikia kitabu kizima mwaka 2018, na tangu hapo kila mhamasishaji analihubiri. Wangefika Mbagala Rangi Tatu, Chanika au Gongo la Mboto saa hiyo wangekuta foleni ya daladala imeshapinda kona. Wachuuzi wanaowahi soko la samaki la Feri wameshatoka. Mama wa maandazi alikanda unga saa tisa usiku. Kama kuamka alfajiri ndiko kunakoleta utajiri, Rangi Tatu ingekuwa ya kitajiri kama Masaki. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walikubaliana mwaka 2015 kwamba mtu mzima anahitaji kulala angalau saa saba kila usiku. Kwa hiyo anayeamka saa kumi ili awahi foleni hiyo inabidi awe ameshasinzia saa tatu usiku, kwenye nyumba ya wapangaji sita ambayo mmoja wao ana subufa. Sioni cha kuongeza.

"Siku 21 zinatosha kujenga tabia mpya."

Hii namba ina asili yake. Maxwell Maltz alikuwa daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura huko Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 alieleza kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuzoea sura mpya kwenye kioo. Neno "angalau" likadondoka njiani, pua mpya ikageuka kuwa tabia mpya, na leo tunaambiwa ukiweka akiba kwa siku 21 umeshabadilika.

Watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, walilipima jambo lenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Watu 96 walichagua kila mmoja tabia moja ndogo, kama kunywa maji wakati wa chakula au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka tabia ikaenda yenyewe, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Jambo lingine walilogundua halitajwi ukumbini: kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo wewe uliyeanza Januari ukateleza tarehe tisa hukushindwa. Endelea tarehe kumi.

Na wazee wetu walijua njia nyingine. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Haikumwachia kila mtu peke yake na daftari la malengo. Watu walikusanyika kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba. Tabia iliingia majumbani kwa sababu jirani naye alikuwa anafanya hivyohivyo na alikuwa anakuangalia.

"LUKU yako inaliwa na chaja, na unapunjwa kwa kununua kidogo kidogo."

Hapa nakaa kidogo, maana kuna fedha halisi.

Chaja ya simu ya siku hizi ikiachwa ukutani bila simu inakula chini ya nusu wati. Iache hivyo mwezi mzima, usiku na mchana, haifikishi hata nusu ya uniti. Kwa bei ya mteja wa kawaida wa nyumbani, shilingi 292 kwa uniti, ambayo na kodi na tozo inafika kama 356, hiyo ni karibu shilingi 130 kwa mwezi. Ichomoe ukipenda, kwa usalama wa moto, ila usidhani umeokoa kitu.

Kinachokula ni vitu vya joto na baridi. Pasi ya wati 1,200 ikiwaka dakika 20 kila asubuhi inatumia uniti 0.4, na kwa siku 26 ni zaidi ya uniti kumi. Hata ukitoa zile sekunde ambazo taa yake inazimika, bado imeiacha chaja mbali sana. Anayepiga pasi nguo zote za wiki Jumapili mchana anaipasha mara moja badala ya mara sita. Kingine ni friji ya mtumba. Chukua karatasi, ifungie kwenye mlango wa friji nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka na baridi unayoilipia inavuja usiku kucha. Mpira mpya unauzwa, na fundi wa mtaani anauweka kwa muda mfupi.

Kuhusu kununua kidogo kidogo: kwa mteja wa kawaida bei ya uniti ni ileile ununue ya 1,000 au ya 50,000. Kinachowafanya watu waone wanapunjwa ni kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, na inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Ukinunua umeme wa 2,000 tarehe mosi, uniti zinatoka kiduchu, ukinunua wa 2,000 tarehe kumi zinatoka nyingi, na mtaa unaanza kusema mita imechezewa. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, si ya mpangaji. Kama anayekatwa ni wewe, iandike na umdai kwenye kodi ya nyumba.

Hasara yenyewe iko kwingine, na hakuna mhamasishaji aliyewahi kuitaja. Kuna bei ya watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao hulipa shilingi 100 kwa uniti, au 122 ukijumlisha kodi na tozo. Sasa chukua nyumba ya wapangaji sita wenye mita moja. Kila chumba kinatumia, tuseme, uniti 20. Kila mmoja angekuwa na mita yake angelipa 2,440 kwa mwezi. Lakini mita inaona uniti 120, inawaweka wote kwenye bei ya kawaida, na kila chumba kinalipa 7,120. Karibu mara tatu, kwa umeme uleule, kwa sababu tu ni maskini walioshirikiana mita. Hapo mwambie mtu achomoe chaja.

"Gesi ni ya wenye nazo, mkaa ndio nafuu."

Hili halisemwi ukumbini, linasemwa uani, na kuna kinachowafanya waliseme. Mkaa unauzwa kwa kopo. Ukiwa na 1,000 unapika leo. Gesi haikupi leo peke yake, inakutaka ununue mwezi mzima kwa siku moja.

Lakini kwa joto linalofika kwenye sufuria, mambo yanageuka. Kilo moja ya gesi ina megajuli kama 46, kilo ya mkaa kama 29. Jiko la mkaa la bati linapeleka chini ya robo ya joto lake kwenye chakula, lingine linakwenda kupasha ukuta na miguu ya mpishi. Jiko la gesi linapeleka karibu nusu. Kwa hesabu hiyo mtungi wa kilo 6 unafanya kazi ya mkaa wa kilo 20 hivi. Peleka kopo la mkaa wa mtaani kwenu kwenye mizani ya muuza nyama, ujue kilo 20 ni makopo mangapi, zidisha kwa bei. Kwa mitaa mingi ya Dar es Salaam utakuta gesi haikuzidi, na mara nyingine iko chini.

Maharage ndiyo yanayowarudisha watu kwenye mkaa, na hofu hiyo ni ya haki: saa mbili za maharage zinakula gesi nyingi. Yaloweke usiku, muda unapungua sana. Na ukipata nafasi ya kununua presha kuka ya umeme, kwa familia ya kawaida maharage yanaiva kwa kama nusu uniti, yaani shilingi 180 hivi kwa bei ya kawaida. Nadhani hakuna ushauri wa bajeti ya jikoni unaoikaribia namba hiyo. Tatizo ni lilelile: chungu chenyewe kinataka fedha nyingi siku moja. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Watakaolifikisha ni wale watakaowauzia watu gesi ya kupima na chungu cha kulipa kidogo kidogo. Mabango hayajawahi kupika chochote.

"Nunua kwa jumla, rejareja inakumaliza."

Kweli kwa kiasi. Tofauti ya bei ipo, na mafuta ya kupima kwa kikombe ndiyo mafuta ghali kuliko yote mjini. Lakini wanaosema hivi hawajawahi kuona nyumba yenye watoto watano ikiletewa sukari kilo 10: inakwisha siku ileile ambayo ingekwisha kilo 7. Wala hawajawahi kufungua gunia la mahindi la Aprili wakakutana na dumuzi.

Kwa nyumba ya kipato kidogo, jumla ifanywe kwa vitu viwili au vitatu tu: mchele na maharage baada ya mavuno, katikati ya mwaka bei inapolegea, na sabuni ya mche. Nafaka uziweke kwenye mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani ya kiroba, kila tabaka likikamuliwa hewa na kufungwa peke yake. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, huhitaji dawa. Na kama fedha ya gunia huna, majirani watatu wachange wagawane kwa debe. Nyanya, vitunguu na dagaa nunua vya leo.

"Kabla hujatumia chochote, weka pembeni asilimia kumi."

Asilimia kumi ya nini? Mwenye bodaboda ya mkataba anapeleka hesabu kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe. Wiki ya jua ana ziada, wiki ya masika anakopa mafuta. Ukimwambia asilimia kumi kila siku, siku mbaya ataweka na kesho yake ataitoa, na kila akitoa kwenye simu anakatwa makato. Kinachofaa kwake ni kuweka sana siku nzuri na kutoweka kabisa siku mbaya, tena mahali ambapo mkono haufiki kirahisi.

Ndiyo maana kibubu na kikoba vimewasaidia watu kuliko semina. Mfumo wa kikundi cha kuweka na kukopeshana, ambao siku hizi una hisa za kila wiki na sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikikaa kwa watu watatu, ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, wanawake wa vijijini wakauendesha bila benki. Kwetu umeenea kila mtaa, na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi vina daraja lao, la nne, na vinatakiwa kusajiliwa. Sajilini. Msichanganye kikoba na zile "panda mbegu uvune" zinazoahidi kuzidisha fedha bila kueleza zinafanya biashara gani. Watanzania wengi walipanda mbegu kwenye mpango wa namna hiyo ulioitwa DECI, na mwaka 2009 serikali ilipoifunga wakabaki na risiti.

Jambo moja naomba vikundi vilitazame. Wengi mnavunja kikoba Desemba kati, fedha inakutana na sikukuu. Sogezeni mbele hadi wiki ya kwanza ya Januari, ikutane na ada, sare na kodi ya nyumba. Hilo halimtaki mtu awe na moyo wa chuma. Linataka kubadilisha tarehe moja kwenye katiba ya kikundi.

"Mkopo wa asilimia 20 si mkubwa, ukiwa na matumizi mazuri."

Unakopeshwa 100,000, unarejesha 30,000 kila wiki kwa wiki nne, jumla 120,000. Asilimia 20, wanasema. Lakini hukukaa na 100,000 mwezi mzima. Wiki ya kwanza ulikuwa nayo yote, ya pili deni la msingi limebaki 75,000, ya tatu 50,000, ya nne 25,000. Kwa wastani ulikuwa na 62,500 za mkopeshaji, na umemlipa 20,000 juu yake. Hiyo ni asilimia 32, kwa mwezi mmoja. Rudia mwaka mzima na umemlipa 240,000 kwa fedha ambayo kwa wastani haikufika hata 65,000. Jina la kausha damu ambalo mikopo hii imepewa halikutungwa na adui wa biashara.

Kwenye simu ni vibaya zaidi, maana programu inaomba ruhusa ya kusoma majina ya watu wako, na siku ukichelewa shemeji yako na mwalimu wa mtoto wanapokea ujumbe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Kabla hujabonyeza "kubali", tafuta jina la mkopeshaji kwenye orodha ya wenye leseni. Na mkopo wa kununua sare ya harusi si mtaji, hata ukiuita hivyo.

"Kodi ni kutupa fedha, anza kujenga hata kwa tofali moja."

Kodi hainunui kitu kinachobaki, hilo sawa. Inanunua umbali. Anayehama Tandika kwenda kwenye kiwanja chake mwisho wa lami anaacha kulipa kodi na kuanza kulipa daladala mbili kwenda na mbili kurudi, yeye, mke na watoto wa sekondari. Piga hesabu ya nauli za nyumba nzima kwa mwezi kabla ya kusherehekea.

Kama umeamua kujenga kidogo kidogo, na wengi wetu hatuna njia nyingine kwa jinsi riba ya mkopo wa nyumba ilivyo, jenga kwa mpangilio. Tofali zilizofyatuliwa vizuri zinakaa miaka. Saruji haikai. Mfuko uliowekwa stoo zaidi ya miezi mitatu, hasa ukanda wa pwani kwenye unyevu, unapoteza nguvu na kuanza kuganda pembeni. Mchanga ukiuacha wazi masika inaondoka nao. Nondo zinashika kutu. Kwa hiyo nunua tofali kwanza, saruji wiki ya kazi.

"Fuga. Matajiri wote wana chanzo cha pili."

Waulizeni Wakenya kuhusu kware. Kwenye mwaka 2013 mayai yake yalisifiwa kutibu kila ugonjwa, watu wakaomba vibali kwa shirika la wanyamapori, KWS, wakanunua vifaranga kwa bei ya juu. Mwaka 2014 kila mtu alikuwa muuzaji na mnunuzi hakuna, bei ikaanguka. Chanzo cha pili kinachoelezwa kwenye semina kimeshachelewa, kwa sababu ukumbi mzima umekisikia siku moja.

"Umaskini ni fikra. Badilisha fikra kwanza."

Wakifika hapa huleta hadithi ya watoto na peremende. Walter Mischel wa Stanford, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwapa watoto kitu kitamu kimoja na kuwaambia wakisubiri watapata viwili. Waliosubiri, tunaambiwa, walifanikiwa maishani. Mwaka 2018 watafiti walirudia uchunguzi huo kwa zaidi ya watoto 900 wa familia za aina nyingi. Walipozingatia hali ya nyumbani kwa mtoto, sehemu kubwa ya ile nguvu ya subira ikayeyuka. Mtoto anayetoka nyumba ambayo kilichoahidiwa kesho huwa hakiji ana akili timamu kula leo.

Na upo uchunguzi wa wakulima wa miwa huko Tamil Nadu, India, uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2013. Watu walewale walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, wakiwa wamekaukiwa, na baada ya mavuno, wakiwa na fedha mkononi. Baada ya mavuno walifanya vizuri zaidi. Hawakuhudhuria semina yoyote katikati. Walilipwa.

Ndiyo maana namalizia kwa watu ambao hawajawahi kuitwa kwenye semina za nidhamu ya fedha, nao ni wenye nyumba. Chumba cha 80,000 kwa mwezi mkikidai kwa miezi sita ni 480,000 kwa siku moja. Mpangaji asiyekuwa nayo anakwenda kwa mkopeshaji. Kwa asilimia 20 analipa 96,000 juu yake, yaani kodi ya mwezi mzima na zaidi, na baada ya miezi sita anarudi tena. Mnaogopa mtu kutoroka na deni, na hofu hiyo naielewa. Chukueni amana ya mwezi mmoja, mkae nayo, halafu pokeeni kodi kila mwezi kwa tarehe mliyokubaliana. Iandikeni hivyo kwenye mkataba ujao.